Gede Haikupotea

Katika vipeperushi vya utalii na katika video zinazosambazwa mitandaoni, mji wa Gede hutajwa kwa maneno yale yale: mji uliopotea, mji wa mafumbo, mji ambao wakazi wake walitoweka bila kuacha habari. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, na magofu hayo yako takriban kilomita 15 kusini mwa mji wetu, karibu na Watamu, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Nimeyazuru tangu utotoni, nimewapeleka wageni na watoto wa ndugu zangu, na kila nisikiapo maneno hayo huona kwamba kuna kitu chetu kinachochukuliwa. Mji wenye misikiti, visima, vyoo, mitaro ya maji, makaburi yenye tarehe na nyumba ambazo mpangilio wake ungali hai Lamu hauwezi kuwa fumbo, isipokuwa kwa mtu ambaye hajawahi kukaribishwa ndani ya nyumba ya Mswahili.

Yanayojulikana kuhusu Gede ni mengi. Watu walikuwa wakiishi hapa kufikia karne ya 12, mji ukastawi katika karne za 14 na 15, ukapitia misukosuko ya karne ya 16, na katika karne ya 17 ukaachiwa msitu. Ukuta wa nje ulizunguka eneo la takriban hekta 18, na ndani yake ukajengwa baadaye ukuta wa pili, uliokumbatia Msikiti Mkuu, jumba la mtawala na nyumba za mawe za watu wenye uwezo. Baina ya kuta hizo mbili ndipo walipoishi wengi, katika nyumba za udongo na makuti ambazo hazikuacha cha kupigwa picha. Uchimbaji ulioongozwa na Mfaransa Stéphane Pradines kati ya mwaka 1999 na 2003 ulisaidia kuuelewa mji kwa upana zaidi, pamoja na mianzo yake. Hata hivyo, mgeni anayezunguka magofu leo huona mji wa matajiri tu, na ni wepesi kusahau kwamba kuta zile ziliinuliwa, zikapakwa chokaa, zikafagiliwa na kuchotewa maji na watu ambao nyumba zao zimerudi kuwa udongo.

Hoja inayorudiwa sana na wapenda mafumbo ni ukimya wa Wareno. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, akapokewa vizuri na mfalme wa mji, na kwa karibu miaka 100 iliyofuata Malindi ilikuwa rafiki mkubwa wa Wareno katika pwani hii. Nguzo yao ya mawe ingali inatazama bahari, na kanisa lao dogo la makuti, ambapo mmisionari Francis Xavier alipita mwaka 1542 alipokuwa safarini kwenda India, lingali limesimama na makaburi yake. Lakini katika maandishi yao hawaitaji Gede, mji uliokuwa na watu wengi, umbali wa safari ya nusu siku kwa miguu. Basi, husemwa, lazima palikuwa na siri.

Mimi sioni siri yoyote. Wareno walikuwa watu wa bandari, na waliyoyaandika yalihusu kina cha maji, vyakula vya kununuliwa, kodi na uhasama baina ya wafalme. Gede ilikaa kilomita kadhaa kutoka baharini, nyuma ya miti, na bidhaa zake zilipitia hori la Mida au Malindi yenyewe. Mpita njia asiyeingia uani kwako hawezi kutumiwa kama shahidi kwamba huna ua. Tena wapo wataalamu wanaoona kwamba mji huu ulijulikana kwa jina la Kilimani, na kwamba Gede ni jina la baadaye, lililotokana na lugha ya Waoromo walioshuka hadi huku. Ikiwa ni hivyo, anayeitafuta Gede katika barua za karne ya 16 anatafuta jina ambalo wenyeji wa wakati huo hawakulitumia. Kinachonishangaza zaidi ni jinsi tulivyokubali kwa miaka mingi kwamba jambo la pwani huwa kweli pale tu mgeni anapoliandika.

Msikiti Mkuu ndio mahali ambapo hoja hii huonekana kwa macho, na ningemwomba kila anayekwenda Gede asiupite kwa haraka. Ulijengwa katika karne ya 15 na kujengwa upya baadaye. Safu za nguzo za mawe zilizobeba dari zimekatika, lakini misingi yake ingali inaonyesha jinsi waumini walivyopangika katikati ya nguzo hizo. Kibla kiko kaskazini, kama kilivyo katika kila msikiti wa pwani yetu, na mihrabu imechongwa kwa matumbawe laini, yale yanayokatwa majini yakiwa bado mororo na kuchongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu. Kuliani mwa mihrabu pana mimbari ya mawe, fupi, ya vipandio vichache, ambayo khatibu wa msikiti wowote wa zamani wa Lamu angeipanda bila kuuliza. Ukutani mlipachikwa bakuli za kauri kutoka China, na mtu akiinama kidogo huona vishimo vya mviringo pale bakuli zilipokaa, vikiwa na ukingo wa chokaa uliolainishwa kwa kidole cha fundi. Juu ya mlango mmoja pamechongwa mkuki. Mkuki huo hautokani na Uarabuni wala Uajemi, ni alama ya mamlaka ambayo watu wa bara na pwani yetu waliifahamu, nao umewekwa juu ya mlango wa nyumba ya Mwenyezi Mungu kwa mkono wa mtu ambaye hakuona mgongano wowote kati ya vitu hivyo viwili.

Nje ya ukumbi wa sala kuna kisima, birika la kutawadhia na mfereji uliopeleka maji kutoka kimoja hadi kingine. Kando ya birika yamewekwa mawe ya matumbawe yenye uso wa kukwaruza, ya kusugulia nyayo kabla ya kuingia msikitini. Nimemwona mzee wa Malindi aliyekuja na wajukuu zake akisimama mbele ya mawe hayo, akavua kiatu, akaweka mguu wake juu, akausugua mara mbili tatu na kuendelea na matembezi yake bila kusema lolote. Hakuna kibao wala mwongozaji aliyemweleza kazi ya jiwe lile. Mtoto wa pwani aliyelelewa karibu na msikiti wa zamani hulijua kama anavyojua mlango wa kwao.

Karibu na hapo pana kaburi lenye maandishi ya mwaka 802 wa Hijria, yaani mwaka 1399 kwa kalenda ya Miladia. Ni kaburi la thamani kubwa kwa sababu tarehe yake imewasaidia wachimbaji kupima umri wa vitu vingine vilivyoizunguka, na ndiyo maana linaitwa Kaburi la Tarehe. Pana pia makaburi ya mnara, yenye nguzo inayosimama juu yake, mfano wa yale yaliyo kando ya Msikiti wa Ijumaa wa Malindi, ambayo watu wa mjini huyapita kila siku wakienda sokoni. Makaburi ya namna hii ni ya pwani yetu, kuanzia Somalia hadi Tanzania, na mtu akisafiri Uarabuni yote kuyatafuta atarudi mikono mitupu. Zaidi ya Msikiti Mkuu, misikiti midogo imetawanyika mjini, ndani ya ukuta wa ndani na nje yake, kiasi kwamba karibu kila mtaa ulikuwa na pake pa kusalia. Hivyo ndivyo Lamu ilivyo hadi leo, na Lamu wana Msikiti wa Pwani unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1370, yaani wa kizazi kilekile cha aliyezikwa katika Kaburi la Tarehe.

Nyumba za Gede nazisoma kwa msaada wa Lamu. Fundi yeyote wa kale atakuambia kwamba chumba cha nyumba ya mawe hupimwa na boriti. Dari lilikuwa zito mno, kwa kuwa lilifanywa kwa vipande vya matumbawe na zege la chokaa lililoshindiliwa kwa siku nyingi, na kilichobeba uzito wote huo ni magogo ya mikoko yaliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mkoko hautoi gogo refu lililonyooka na lenye nguvu kupita kiasi fulani, na kwa sababu hiyo vyumba ni virefu sana kwa upande mmoja na vyembamba kwa upande wa pili, mara nyingi visivyofika upana wa mita 3. Tembea katika nyumba za Gede ukivipima vyumba kwa hatua, kisha uende Lamu ukavipime vyumba vya nyumba za karne ya 18, utakuta hatua zinakaribiana. Na si vipimo tu. Mtu aliingia kwanza katika kiwanja kilichozungukwa na kuta, akaketi hapo na mwenyeji wake, na biashara ikamalizika bila mgeni kuona ndani. Nyuma yake vilifuata vyumba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa cha faragha zaidi ya kilichotangulia, hadi ndani kabisa ambako aliyefika alikuwa mtu wa nyumba. Choo kilikuwa ndani, na shimo lake limejengwa kwa ustadi, pembeni mwake mahali pa kuweka chombo cha maji ya kujisafisha. Wakati huohuo, katika karne ya 15, miji mingi mikubwa ya Ulaya ilikuwa bado inamwaga uchafu barabarani.

Katika jumba la mtawala kuna chumba cha hazina kisicho na mlango. Aliyetaka kuingia alipanda ngazi na kupita katika tundu lililo juu ukutani, kisha ngazi ikaondolewa. Katika Nyumba ya Birika kuna michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa kwenye lipu, na hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Ni mistari ya kuchora ovyo, ya mtu aliyekaa kivulini akiwa na kitu chenye ncha mkononi, lakini tanga linaonekana, na mlingoti, na mwili wa chombo umepinda mahali panapostahili. Aliyechora alikuwa amekiona chombo kwa karibu, na pengine alimjua nahodha wake.

Kwa muda mrefu, majibu ya swali la nani aliyejenga mji huu yalitoka nje. John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, alifika mwaka 1884, serikali ya kikoloni ikautangaza kuwa mahali pa kihistoria mwaka 1927, na mwaka 1948 James Kirkman akawekwa kuwa msimamizi na kuanza uchimbaji mkubwa ulioendelea hadi mwaka 1958. Kazi yake ilikuwa ya subira na ya kina, na bila yeye kuta nyingi zingekuwa zimelala chini ya majani. Lakini yeye na wenzake wa wakati ule waliuita mji wa Waarabu, kwa sababu katika fikra za utawala wa siku zile, Mwafrika hakuweza kujenga kwa mawe. Maoni hayo yalishika mizizi shuleni, yakaingia hata katika vinywa vyetu wenyewe, na kuna wazee ninaowaheshimu ambao bado wanaamini kwamba heshima ya Gede iko katika ugeni wake.

Wachimbaji waliofuata, wakiwemo Wakenya kama George Abungu na Chapurukha Kusimba, wameiangalia pwani nzima kwa jicho jingine. Wameonyesha kwamba miji hii ilikua kutoka vijiji vya wakulima, wavuvi na wafua chuma wa hapahapa, ambao waliupokea Uislamu, wakafanya biashara na pande zote za Bahari ya Hindi na kuoana na waliokuja. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba kutoka mifupa ya kale ya Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na mahali pengine pa pwani, na matokeo yake yalionyesha uzao mchanganyiko: upande wa kina mama karibu wote ni wa Afrika, na upande wa kina baba una damu nyingi ya Asia, hasa Uajemi, iliyoanza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Kwa hiyo simulizi za wazee kuhusu Washirazi, mababu wanaosemwa kutoka Uajemi, hazikuwa uongo, na wala hoja ya Uafrika wa miji hii haikuwa uongo. Watoto wa ndoa hizo walizungumza lugha ya mama zao, na ndiyo hii ninayoiandika.

Vitu vilivyochimbuliwa vinasimulia hayohayo. Wachimbaji hawakuwajua wenye nyumba, kwa hiyo kila nyumba ikapewa jina la kilichookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Simbi, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Majina haya ni mazuri kuyasikia, na yanamwonyesha msomaji upana wa biashara ya mji, lakini yana kasoro moja kubwa. Yanafanya ionekane kana kwamba maisha ya Gede yalikuwa ya vitu vya kuagiza. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa kabisa ya vigae vilivyotoka ardhini, katika Gede kama katika miji mingine ya pwani, ni vya vyungu vya udongo vilivyofinyangwa na kuchomwa hapahapa. Wali ulipikwa ndani yake, na mchuzi wa samaki, na mboga. Sahani ya China ilitandazwa mgeni alipokuja au ikapachikwa ukutani kwa heshima, lakini chungu kilikuwa jikoni asubuhi na jioni.

Jumba la makumbusho lililo kwenye eneo la magofu lilifunguliwa mwaka 2000 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, na linahifadhi sehemu ya vitu hivyo pamoja na maelezo ya utamaduni wa Waswahili. Huwa nawashauri watu waingie humo kabla ya kwenda kwenye kuta, kwa sababu aliyeziona shanga, bakuli na vyungu kwa karibu huingia katika nyumba akijua palipowekwa nini. Vitu vya China huvutia macho kwanza, na sina ubishi na uzuri wake. Vinakumbusha kwamba mwaka 1415 Malindi ilimpeleka twiga kwa mfalme wa China, enzi za safari kubwa za Zheng He, kiongozi wa merikebu za China, na kwamba sarafu za enzi ya mfalme huyohuyo, Yongle, zimeokotwa Mambrui, kaskazini kidogo ya Malindi, na katika kisiwa cha Manda. Ila ningependa siku moja, katika makumbusho zote za pwani, chungu kipewe kabati la kioo lenye mwanga mzuri kama bakuli la China, pamoja na maelezo ya udongo ulikotolewa, jinsi ulivyokandwa, na mikono ya kina mama iliyotia nakshi shingoni mwake kwa ukucha na kijiti.

Sasa nije kwenye swali ambalo kila mtoto huliuliza. Mtoto wa kaka yangu aliniuliza tukiwa tumesimama penye kisima kirefu kando ya Msikiti Mkuu: "Shangazi, kwani hawa watu walikwenda wapi?" Nilimwambia atazame kwanza ndani ya kisima. Visima vya Gede vilichimbwa na baadaye kuongezwa kina, ishara kwamba maji yalikuwa yakishuka, na mji wa maelfu ya watu hauvumilii ukame wa visima kwa muda mrefu. Kisha nikamsimulia mengine. Wareno walivuruga biashara ya bahari ambayo miji yote ilikuwa ikiishi kwayo. Mwaka 1589 Wazimba walipanda pwani kutoka kusini, wakaiharibu Mombasa na kufika hadi Malindi, ambako walishindwa kwa msaada wa Wasegeju. Mwaka 1593 mtawala wa Malindi akahamia Mombasa pamoja na Wareno waliokuwa wakijenga Ngome ya Yesu, na Malindi yenyewe ikaanza kufifia hadi ikawa magofu, ikaja kuinuliwa tena katika karne ya 19 chini ya masultani wa Unguja. Mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini yakamaliza yaliyobakia. Hakuna hata moja kati ya sababu hizi inayohitaji laana wala miujiza.

Na watu walikwenda walikokwenda watu wa pwani siku zote, yaani kwa jamaa zao. Mombasa kuna Thenashara Taifa, yaani jamii kumi na mbili za Waswahili wa mji huo, na miongoni mwa taifa hizo wamo Wamtwapa na Wakilifi, walioacha miji yao kusini mwetu na kuingia Mombasa na majina ya walikotoka, na wamo pia Wapate na Wafaza waliotoka upande wa Lamu. Ushahidi wa kwamba miji ya mawe ya pwani hii ilihama, ikiwa na watu wake, kumbukumbu zake na majina yake, uko katika koo zinazoishi Mji wa Kale leo na kuoana na watu wetu wa Malindi. Sidai kwamba ninaweza kuonyesha nyumba ya mzao wa Gede. Ninachodai ni kwamba watu waliotembea siku mbili tatu hadi kwa shemeji zao hawakutoweka.

Tena Gede haikubaki tupu kwa namna inayosemwa. Wagiriama, ambao leo ndio majirani wakubwa wa magofu, waliyajua kabla ya wachimbaji kufika, na wana heshima zao kuhusu mahali hapo. Wazee husema kwamba wahenga wa mji wangali wapo na wanaulinda, na wapo waliofika kuweka sadaka na kuomba. Watalii huuziwa habari hii kama hadithi ya mizimu ya kutisha. Mimi naiona kuwa ni uangalizi: kwa zaidi ya miaka 200 watu waliokuwa na haja ya mawe ya kujengea hawakuzibomoa kuta zile, kwa sababu waliamini zina wenyewe. Wengi wanajua kwamba makaya ya Wamijikenda, yaani misitu mitakatifu yenye vijiji vyao vya kale, yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini ni wachache wanaoyaona magofu ya Gede na makaya kuwa mambo ya ujirani mmoja. Hata mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993 ndani ya eneo hilo na ambao unawawezesha wanakijiji wanaopakana na msitu kufuga vipepeo na kuuza pupa zao, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya vifuko vyao, nje ya nchi, umefanya miti ya Arabuko-Sokoke iwe na faida ikiwa imesimama, na miti hiyo ndiyo kivuli cha kuta.

Kivuli hicho kina gharama yake. Mikuyu huota juu ya kuta, mizizi ikashuka katikati ya mawe, na baada ya miaka kadhaa haijulikani kama mti unaushika ukuta au unaupasua. Ukiukata ghafla, ukuta huanguka pamoja nao, na ukiuacha, huanguka polepole. Mvua za masika huingia kwenye vilele vya kuta visivyo na dari na kuosha chokaa. Dawa yake inajulikana, nayo ni chokaa ileile: matumbawe yaliyochomwa katika tanuri la magogo, yakazimwa kwa maji, yakaachwa yaive kwa muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga. Saruji haifai, kwa kuwa ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, hufungia unyevu ndani na kuufanya ukuta ubomoke kutoka katikati. Lamu, iliyoingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, imekuwa na bahati ya kuwa na mafundi ambao hawakuiacha kabisa kazi hii, kwa sababu nyumba zao bado zina watu na zinavuja mvua ikinyesha.

Mwezi wa Julai mwaka 2024, katika mkutano uliofanyika New Delhi, Gede nayo iliandikwa katika orodha hiyo. Nilifurahi sana siku ile, na simu yangu haikupumzika. Wageni wataongezeka, na vijana wengi wa Gede, Watamu na Malindi watapata kazi ya kuongoza watu. Ninachowaomba vijana hao, kwa kuwa baadhi yao ni wanangu kwa ujirani na husoma ninayoyaandika, ni kwamba mgeni akiwauliza kuhusu mji uliopotea, wampeleke kwenye jiwe la kusugulia miguu, kisha wampimishe chumba kwa hatua. Walimu wa shule zetu, safari ya Gede ifuatwe na safari ya Lamu kila fedha zinapopatikana, na kwa mpango huo, asubuhi watoto wapitishwe katika nyumba isiyo na dari na juma lifuatalo waingie ileile ikiwa na dari, mapazia na bibi anayewakaribisha. Na kwa mafundi wa chokaa wa Lamu, Shela na Siyu, ambao wengi wao umri umekwenda: vijana kadhaa wa Gede wenye nguvu na hamu wangefaa kukaa nanyi hadi chokaa ya tanuri moja iive, kisha warudi nayo nyumbani kabla ya masika.